Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mawasiliano: tuwekeeni tarehe ya IPv6 Unguja na Pemba

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar;
Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA);
Kwa wakuu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar na Wakala wa Miundombinu ya TEHAMA Zanzibar (ZICTIA);
Kwa wakurugenzi wa kampuni zote zinazouza intaneti Visiwani.

YAH: KUCHELEWA KWA ANWANI ZA IPv6

Waheshimiwa, Assalaam alaykum.

Mimi ni fundi wa mitandao. Nafunga ruta, kamera na waya za mtandao kwenye nyumba za wageni, maduka, skuli na ofisi, Unguja zaidi, na Pemba nikiitwa. Nawaandikia juu ya jambo linalowaumiza wateja wangu bila wao kulijua jina, na dawa yake imo mikononi mwenu. Laini ninazozifungua zinakuja na anwani za intaneti za toleo la nne peke yake, tena anwani ya kuchangia na watu wengine, wakati toleo la sita, yaani IPv6, limekamilika zamani na simu tulizonazo mifukoni zinalielewa.

Kwa ambaye hashughuliki na mambo haya, habari yenyewe ni fupi. Kila kifaa kinachozungumza kwenye intaneti kinahitaji anwani. Toleo la nne, yaani IPv4, liliandikwa rasmi mwaka 1981, na anwani zake zote kwa jumla hazizidi bilioni 4.3. Kwa intaneti ya vyuo vikuu na jeshi la Marekani ilikuwa hesabu kubwa. Leo dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, na mtu mmoja ana simu mbili, televisheni, kompyuta ya kazini na kamera ya dukani. Wahandisi waliliona hilo mapema. IPv6 ilichapishwa mara ya kwanza Desemba 1995, ikafanyiwa marekebisho mwaka 1998, na Julai 2017 ikapewa hadhi ya kiwango kamili cha intaneti. Februari 3, 2011 ghala kuu la dunia likagawa mafungu matano ya mwisho ya IPv4, moja kwa kila shirika la kanda, na likafungwa.

Afrika tulibaki na akiba kuliko wengine, na nadhani akiba hiyo ndiyo iliyotulaza. Tangu Januari 2020, AFRINIC, shirika la kanda yetu lenye makao yake Mauritius, halimpi mwombaji zaidi ya anwani 1,024 kwa mkupuo. Shirika lenyewe limepita kwenye misukosuko mikubwa: mwaka 2019 iligundulika kuwa mamilioni ya anwani za Afrika yalihamishwa kinyume cha utaratibu, kesi zikafuatana, hadi mwaka 2023 mahakama ya Mauritius ikalazimika kuliteulia msimamizi. Kampuni ya intaneti inayopanga kukua kwa kungojea IPv4 zaidi kutoka huko haina mpango. Na anayekimbilia sokoni kununua za mkono wa pili akumbuke kwamba kuna wakati anwani moja ilifika kiasi cha dola 50. Hata Amazon, yenye anwani nyingi kuliko sisi sote tukijumlishwa, tangu Februari 2024 inamtoza mteja wa seva nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya hadharani, ambayo ni dola 3.60 kwa mwezi. IPv6 haiitozi.

Sasa kampuni zetu zinafanya nini anwani zikipungua? Zinawakusanya wateja mamia kwa maelfu nyuma ya anwani moja. Mteja anapewa namba ya ndani isiyojulikana popote nje ya kampuni, na akitoka kwenda duniani anatoka kwa anwani ile ile wanayotoka nayo wenzake. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, Serikali ilipita mtaa kwa mtaa Bara na Visiwani ikiweka majina ya njia na namba za nyumba, kwa sababu iliona huduma hazimfiki mtu ambaye nyumba yake haina anwani. Kwenye intaneti tumefanya kinyume chake: shehia nzima, kuanzia sheha mpaka mtoto wa chuoni, imepewa namba moja ya nyumba.

Nieleze nyumba moja ya wageni Jambiani. Mwenyewe ni mama mtu mzima, anakaa Muscat kwa mwanawe, na nyumba inaangaliwa na mpwa wake. Alitaka kamera nne: getini, jikoni, kwenye tangi la maji, na uani wanapoanika mwani. Kamera zikafungwa, na ukiwa pale nyumbani picha ni safi kabisa. Alipofungua simu kule Muscat hakuona kitu. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta kutazama anwani iliyotoka kwa mtoa huduma, nikakuta inaanza na 100.72. Fundi yeyote akiiona hiyo anajua kazi imekwama. Fungu lote la kuanzia 100.64 hadi 100.127 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hii moja, ya watoa huduma kuwakusanya wateja kwa ndani, na kutoka nje halifikiki kwa njia yoyote.

Mama akapiga simu. "Mwanangu, kamera si nimenunua mimi? Ruta si yangu? Na kila mwezi silipi?"

"Vyote vyako, mama. Ila anwani hatukupewa."

Hakuridhika, na ana haki yake. Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ni kulipia anwani maalumu kila mwezi juu ya bei ya laini, jambo ambalo kwa nyumba ya vyumba vichache, mvua za masika zikipiga na wageni hakuna, si pesa ya kuchezea. Ya pili ndiyo aliyoifuata, kama wanavyoifuata karibu wateja wangu wote: picha za uani kwake zinasafiri hadi kwenye seva za kampuni iliyotengeneza kamera, nchi asiyoijua, ndipo zirudi kwenye simu yake. Kampuni hiyo ikifunga huduma, ikipandisha bei au ikidukuliwa, yeye hana la kusema. Laini ile ingekuwa na IPv6, kila kamera ingepata anwani yake mwenyewe, mimi ningeruhusu simu ya mama tu kwenye ruta, kazi ikaisha siku ile ile bila mtu wa tatu.

Wapo wanaosema huku kuchangia anwani kunawalinda wateja. Kinachomlinda mteja ni ukuta wa moto (firewall) ulio kwenye ruta, unaowazuia wasioruhusiwa kuingia, na huo upo kwenye IPv6 vilevile, kwa hiyo hoja hii haihitaji kutupotezea muda.

Kuna madhara mengine yasiyohusu kamera wala hoteli. Kwenye chumba cha kompyuta cha skuli moja Pemba, upande wa Wete, nimewaona vijana wakijaza maombi ya vyuo vya nje. Ukurasa ukawaambia kwamba maombi yametoka mengi mno kwenye anwani yao, wajaribu baadaye. Darasani hawafiki ishirini, na wengine walikuwa hata hawajawasha mashine. Maombi hayo mengi yalitoka kwa watu wasiowajua, wateja wengine wa kampuni ile ile waliopangwa nao nyuma ya anwani moja. Ukurasa mwengine ukawataka wathibitishe kuwa ni binadamu kwa kuchagua picha zenye mabomba ya zimamoto ya mitaa ya Marekani, vitu ambavyo mtoto wa Wete hajapata kuviona. Akikosea, anaanzishwa upya, na bando linakwenda. Mtu mmoja akituma barua taka au akijaribu kuvunja akaunti za watu, anwani inaingia kwenye orodha mbaya, na wanaoadhibiwa ni wote waliomo: mwanafunzi, muuza sabuni za mwani wa Paje anayepokea oda kwa mtandao, daktari anayetaka kusoma jarida.

Na Jeshi la Polisi nalo linaguswa. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mtu akitapeliwa au akitishwa mtandaoni, anwani ya IP huwa miongoni mwa vitu vya kwanza vinavyotafutwa. Anwani hiyo ikiwa ya watu mamia kwa dakika moja, haimtaji yeyote. Inabidi mlalamikaji au tovuti iliyotumika iwe imehifadhi na namba ya poti, ile inayotenganisha mazungumzo ya wanaochangia anwani moja, na wakati kamili hadi sekunde, na mtoa huduma awe ametunza kumbukumbu kubwa mno za nani alitumia poti gani saa ngapi. Mara nyingi kimojawapo hakipo, na hapo mwenye hatia anapona au anasumbuliwa asiyehusika. Mwaka 2017 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilitoka hadharani kuwataka watoa huduma waachane na mtindo huu kwa sababu hiyo hiyo. Ubelgiji walikuwa wameshatangulia: mwaka 2012 watoa huduma wa kule walikubaliana na mamlaka zao kuwa wateja wasizidi 16 kwa anwani moja ya IPv4. Kikomo kile kiliifanya IPv6 iwe njia nyepesi kwa kampuni, na Ubelgiji ikawa kwa miaka mbele ya dunia katika kuitumia. Nawaomba TCRA mlitazame kwa makini jambo hili, kwa sababu lilitoka kwa mdhibiti mwenye nia, na wala halikuhitaji fedha za mfadhili.

Nikiwauliza watu wa kampuni, jibu ninalolipata ni moja: "Hakuna mteja aliyeomba." Jibu hili linaniuma kuliko mengine. Mteja hajui kuomba IPv6, na wala hapaswi kujua. Yule mama wa Jambiani aliomba kuiona nyumba yake. Wale vijana wa Wete waliomba ukurasa ufunguke. Hayo ndiyo maombi yenyewe, na yanafika kila siku kwenye namba zenu za huduma kwa wateja, yakijibiwa kwa "zima uwashe tena".

Jibu la pili ni vifaa. Kwa simu na kompyuta, hoja hiyo imekwisha zamani. Windows inakuja na IPv6 ikiwa imewashwa tangu toleo la Vista la mwaka 2007. Android ilipata tangu toleo la 4.3, mwaka 2013, uwezo wa kuendesha programu za zamani juu ya mtandao wa IPv6 pekee. Apple, kuanzia Juni 1, 2016, inakataa programu yoyote isiyofanya kazi kwenye mtandao wa aina hiyo. T-Mobile ya Marekani imekuwa kwa miaka mingi ikiwahudumia wateja wa simu kwa IPv6 pekee, na wanapofungua tovuti ya zamani mtandao unawatafsiria wenyewe bila wao kuhisi kitu. Kwenye ruta za majumbani zipo za bei rahisi zinazosumbua, nakubali, nimezifunga. Lakini ruta nyingi hizo zinaletwa na kampuni zenyewe kwenye vifurushi vyao, kwa hiyo anayechagua ni kampuni.

Kwenye gharama ningependa wahasibu wenu wakae na wahandisi. Kila mteja anapofungua YouTube au Facebook, ile mashine inayowakusanya wateja nyuma ya anwani moja inapaswa kuyakumbuka mazungumzo yake yote, moja moja, mpaka yaishe. Inajaa, inanunuliwa nyengine. Google, YouTube, Facebook na Netflix zote zinapatikana kwa IPv6, na huko ndiko uliko mzigo mkubwa wa wateja wetu. Siku mtakapoiwasha IPv6 kando ya IPv4, mzigo huo utahamia njia ya moja kwa moja bila ya ninyi kumgusa mteja hata mmoja, na mashine mliyonayo itawatosha kwa miaka.

Uhaba nao haupo. Fungu dogo kabisa la IPv6 ambalo AFRINIC humpa mtoa huduma ni lile mafundi wanaloliandika /32. Fungu hilo moja linagawika mara 16,777,216, na kila kipande kinamtosha mteja mitandao 256 ya nyumbani kwake. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wazanzibari 1,889,773. Maana yake kampuni moja, kwa fungu la kuanzia tu, inaweza kumpa kila Mzanzibari, mkubwa na mchanga, vipande vinane na vikabaki. Halafu tunaambiwa mama wa Jambiani hana anwani yake!

India, ambayo damu yetu, vyakula vyetu na biashara zetu zimechanganyika nayo kwa karne, ilianza na karatasi. Julai 2010 serikali yao ilitoa ramani ya kitaifa ya kuhamia IPv6, ikafuatiwa na toleo la pili mwaka 2013, yenye tarehe za wizara, za kampuni na za wauza vifaa. Kampuni ya simu ya Jio ilipoingia sokoni Septemba 2016 iliujenga mtandao wake juu ya IPv6 tangu siku ya kwanza. Leo zaidi ya nusu ya watumiaji wa India wanaifikia Google kwa IPv6, na idadi ya kwetu ukiiweka pembeni yake ni ndogo mno. Tangu Novemba 2023 tunayo kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, pale Bweleo, ya kwanza ya vyuo hivyo nje ya India. Tumeweza kuwaleta walimu wao hadi kisiwani, na ramani yao ile ipo hadharani kwa anayetaka kuisoma.

Mheshimiwa Waziri, najua nitakaloambiwa: posta na simu ni jambo la Muungano, leseni zinatoka TCRA, Zanzibar haiwezi kuilazimisha kampuni. Ni kweli kwa leseni. Lakini Serikali ya Mapinduzi ni mteja, na kwenye visiwa hivi sidhani kama kampuni yoyote ina mteja mkubwa kuliko huyo. Wizara zote, hospitali, skuli, ofisi za wilaya, bandari, mabaraza ya miji, wote wananunua intaneti kwa zabuni. Kifungu kimoja kwenye nyaraka za zabuni kinatosha: mtoa huduma atatoa IPv6 inayofanya kazi, pamoja na fungu la anwani kwa kila ofisi, bila ada ya ziada, na atakayeshindwa hafuzu. Kifungu hicho hakihitaji sheria mpya Barazani wala kikao cha Muungano. Marekani yenyewe, Novemba 2020, iliziagiza taasisi zake za serikali kuu zihamishe asilimia 80 ya vifaa vyake vya mtandao viwe vya IPv6 pekee kufikia mwisho wa mwaka wa fedha 2025. Mnunuzi mkubwa akisema anataka kitu, muuzaji hukileta, na akishakijenga kwa ajili ya Serikali, mtandao ni ule ule unaopita Jambiani na Wete.

Mamlaka ya Serikali Mtandao nanyi mnaweza kuanza wiki hii bila kumsubiri mtu. Zipimeni tovuti na mifumo yote ya Serikali, moja baada ya moja, kama inafikika kwa IPv6, na isiyofikika ipewe siku zake. Mwananchi analipa kodi na kutafuta vyeti humo. Mifumo hiyo haifai kuwa ya mwisho. ZICTIA, mkongo mnaousimamia ubebe matoleo yote mawili Unguja na Pemba kwa pamoja. Tafadhali Pemba isiwekwe awamu ya pili. Tumezoea kila kitu kianze Mjini, kifike Chake Chake wakati Mjini wameshahamia chengine, na katika jambo hili hakuna sababu ya kiufundi ya kufanya hivyo.

TCRA, kwenu naomba tarehe. Wekeni kwenye masharti ya leseni siku ambayo laini yoyote mpya, ya faiba au ya simu, haitauzwa bila IPv6, na siku ya baadaye kwa laini za zamani. Wekeni kikomo cha wateja kwa anwani moja kama walivyofanya Wabelgiji. Na katika takwimu mnazozitoa kila robo mwaka za laini za simu na watumiaji wa intaneti, ongezeni safu moja ya IPv6 kwa kila kampuni, tuione hadharani.

Wakurugenzi wa kampuni, mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa Silicon Zanzibar wa kuzivutia kampuni za teknolojia kuja kukaa Fumba. Vijana wanaoandika programu watakapofika, kitu cha mwanzo watakachotazama wakishapanga meza ni aina ya laini waliyopewa. Anayejaribu seva yake kutoka kwenye laini inayoanza na 100.72 atakwama alipokwama mama wa Jambiani, na yeye atahama. Mama hawezi kuihamisha nyumba yake.

Naomba mnijibu kwa tarehe: ya zabuni, ya leseni, na ya kila kampuni kuiwasha. Mkihitaji watu wa kujaribia, mafundi wa Unguja na Pemba tupo, na wateja wetu wako tayari laini zao ziwe za mwanzo kupimwa.

Wabillahi tawfiq,

Fundi wa mitandao,
Mjini Unguja